Wifi, Posa Hii Ijibu Wewe

9 Januari

Wifi yangu,

Hujambo? Na magoti yako, na tanuri? Mimi ni mzima, ila baridi ya huku inaniuma masikio. Soksi za sufu ulizonitumia sizivui hata ofisini. Chini ya meza nani ataziona?

Nakuandikia kwa sababu simu zetu zimeniudhi. Juzi ulikuwa unanieleza kisa cha mpangaji wa duka la jirani, mara katibu wangu akaingia ananionyesha saa. Nikakwambia "nitakupigia," na wewe ukajibu "haya" kwa ile sauti. Naijua ile sauti. Kwenye barua hakuna wa kunionyesha saa.

Sasa habari. Mkurugenzi wetu mkuu wa fedha, yule mzee niliyekwambia hacheki hata akitekenywa, anastaafu. Bodi inatafuta wa kukalia kiti chake, asimamie fedha za kampuni nzima, matawi yote, nchi zote. Tumebaki wawili, mimi na mwenzangu wa kanda nyingine. Wifi, mimi niliyeanza kwa kupanga stakabadhi kwenye chumba kisicho na dirisha! Kila nilipopanda cheo nilihama mji, na huu ni wa tano. Samani za nyumba hii zimekodiwa pamoja na nyumba yenyewe, mpaka picha ya ukutani. Ni ya farasi, sijui wa nani. Asubuhi nyingine namsalimia.

Usimwambie mtu bado. Ingawa nikifikiri, mimi mwenyewe ningemwambia nani mwingine? Baba na mama hawapo, na kaka, mumeo, ni mwaka wa nne sasa tangu tumzike. Umebaki wewe.

Kile chumba cha nyuma kipake rangi nyeupe. Nikistaafu nakuja kukaa na wewe tuzeeke pamoja. Nikiwa kwenye ndege hicho ndicho ninachokiwaza, siwazi kiti cha mzee.

Wifi yako,
Mkaguzi (jina alilonipa marehemu kaka halijanitoka, na kosa langu lilikuwa kuhesabu vipande vya nyama kwenye sahani za wenzangu tu)


4 Februari

Wifi Mkaguzi,

Barua yako imenifikia imekunjamana kama imelaliwa na mtu mnene. Sisi tupo. Magoti yananisumbua nikipanda ngazi, basi siku hizi sipandi ngazi, tumepatana. Msaidizi wangu wa kukanda unga ameolewa kahama. Huyu mpya anaimba vibaya mno ila mkono wake mwepesi, mikate inaumuka vizuri, nimeamua kuvumilia nyimbo.

Hicho kiti nakuombea ukipate. Wanaotaka mtu wa kutunza fedha yao wamtafute aliyekuwa anailinda sukari tusiilambe. Wakikunyima nitakuja mwenyewe na mwiko.

Hapa shida ni jokofu kubwa la duka, limekuwa korofi. Fundi amekuja mara tatu. Ni mtu mpole, watu wanamwita Fundi Barafu, alifiwa na mkewe zamani, ana mabinti wawili wakubwa. Mara hii ya mwisho alilifungua, akalitazama, akalifunga, akasema halina tatizo. Akanywa chai akaenda zake. Basi hiyo ndiyo habari ya jokofu.

Rangi nyeupe nimeiona dukani. Chumba chako nakijua, usihofu.

Ila wifi, nilikuuliza kwenye simu hukunijibu. Mchana unakula na nani?

Hapa nilitaka kuandika jambo jingine, nimelifuta. Usijaribu kulisoma kwa kuliinua kwenye mwanga.

Wifi yako wa mikate


25 Februari

Wifi yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa nyimbo. Nililiinua kwenye mwanga. Umefuta vizuri.

Jokofu likitengenezwa mara tatu ndani ya muda mfupi hivyo, gharama ya fundi inazidi thamani ya jokofu lenyewe. Nunua jipya. Huyo bwana mwambie asante na asije tena.

Umeniuliza ninakula na nani. Wiki iliyopita nilitembelea tawi moja. Mchana nikaingia chumba cha chakula na sahani yangu mkononi. Kulikuwa na meza inacheka, nikaielekea. Kicheko kikakatika. Mmoja akasema, "Karibu, Mkurugenzi," akanisogezea kiti, kisha mmoja baada ya mwingine wakakumbuka wana kazi. Nikabaki na kiti changu kilichosogezwa. Siwalaumu. Nilifika tawi lile mara ya kwanza, na nilipoondoka wenzao wengi hawakuwa na kazi tena. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Nimezirudia tangu hapo, bado ni sahihi.

Usaili na bodi umepita. Mwishoni mwenyekiti aliniuliza, "Tukikupa nafasi hii, kuna nini kitakachokuzuia?"

Nikasema, "Hakuna."

Mwenzangu ana mke na watoto, aliomba muda wa kuhamisha familia. Mimi niliwaambia naweza kuanza Jumatatu. Wifi, walifurahi! Mzee asiyecheka alicheka. Nilikuwa nimeshafika chini, nje ya lifti, ndipo nikajiuliza wamefurahia nini hasa.

Mwezi ujao nitabanwa kidogo. Nikichelewa kuandika usiwe na wasiwasi, ni mambo ya kufunga hesabu za robo mwaka.

Mkaguzi


30 Aprili

Wifi,

Uko wapi? Barua yangu ya Machi hukuijibu. Simu yako inazungumza lugha nisiyoijua kisha inakata. Nimempigia katibu wako, akaniambia, "Mkurugenzi yuko likizo." Likizo! Wewe? Angeniambia umejiunga na timu ya mpira ningeamini upesi zaidi. Kama uko salama nitakugombeza. Kama huko salama niambie kwanza, ugomvi tutauweka.

Nilisema hili nisikuandikie mpaka unijibu, lakini likikaa linachacha.

Fundi Barafu anataka kunioa.

Sikununua jokofu jipya, wifi. Jokofu halikuwa na ugonjwa wowote tangu ile mara ya pili. Nilikuwa nachomoa waya.

Alinitamkia tukiwa tunafunga duka, mikono yangu yote ina unga. Akasema, "Nataka kufuata utaratibu. Nimwombe nani?" Wazazi wangu unajua walishaondoka, ndugu wa tumbo moja sina. Nikamwambia, "Kaombe kwa wifi yangu."

Akashtuka. "Dada wa marehemu? Huyo atakubali kweli?"

Nikamwambia, "Huyo ndiye mtu wangu."

Barua yake imo humu ndani. Usimcheke mwandiko, mikono yake imezoea bisibisi. Nikiolewa nitahamia kwake, si mbali na duka. Nyumba ya kaka yako siiuzi wala siipangishi, itakuwepo, na chumba chako kitakuwepo.

Posa hii ijibu wewe.

Wifi yako, wako kabisa


16 Mei

Wifi mpendwa,

Natumaini u mzima wa afya na kazi zako zinaendelea vizuri. Mimi pia ni mzima.

Ninafurahi kukujulisha kwamba bodi imeniteua kuwa Mkurugenzi Mkuu wa Fedha wa kampuni kuanzia mwanzo wa Julai. Nitahamia makao makuu. Nimepewa nyumba yenye vyumba vitatu.

Nimepokea barua yako pamoja na kiambatisho. Suala hilo ni lako binafsi na wewe ni mtu mzima, hivyo sioni kama idhini yangu inahitajika. Kuhusu nyumba tutawasiliana. Chumba cha nyuma usihangaike kukipaka rangi.

Hali ya hewa huku imeanza kuwa nzuri.

Wako,
Mkaguzi


5 Juni

Wewe!

Kiambatisho? Mwanamume mzima amenunua kalamu mpya, amechana karatasi mpaka binti yake akamficha daftari, wewe unaita kiambatisho? Umeniandikia kama unaandikia tawi. Nimetafuta mhuri mwisho wa ukurasa.

Kwanza hongera. Nilipoisoma ile habari ya cheo nililia dukani, nikapiga kelele wifi yangu ni mkubwa wa fedha wa kampuni nzima. Wateja walidhani nimefiwa, mmoja akaanza kunifuta machozi. Nilikuwa na furaha yako peke yangu, na ulivyoiandika wewe utadhani umeteuliwa kwenda jela.

Sasa nisikilize. Kaka yako nilimpenda. Alipougua nilimwogesha, nilimlisha, na siku alipokata kauli ulikuwa upande ule wa kitanda na mimi upande huu, hakuna wa kunifundisha kumkumbuka. Lakini wifi, tangu azikwe napakua chakula cha mtu mmoja na ninakila nimesimama, karibu na sinki. Naiogopa ile meza. Hilo sikuwahi kukwambia, kwa sababu wewe nawe ulikuwa unaniambia uko sawa kila siku, nikaona basi tuwe sawa wote wawili. Fundi alipoanza kuja, nilivuta kiti nikakaa. Hivyo tu. Nilikaa chini nikala.

Ukisema hapana nitaumia, lakini sikufichi, nitaolewa. Ruhusa siiombi. Nataka mtu wa kwetu aseme ndiyo.

Na bado hujaniambia ulikuwa wapi. Likizo gani inakufundisha kuandika "Wako, Mkaguzi"?

Mimi


22 Juni

Wifi yangu,

Nisamehe. Nimekaa na barua yako kwenye mkoba, naisoma kwenye teksi.

Nilikuwa hospitali. Walikuta uvimbe tumboni, wakautoa, na majibu yamekuja mazuri, kwa hiyo kaa chini usianze kufagia. Ofisini nilisema likizo, kwa sababu bodi ilikuwa haijaamua na nilikuwa nimewaambia hakuna kitakachonizuia.

Chumba cha upasuaji kilikuwa na mashine tunayouza sisi. Nembo yetu ilikuwa juu ya uso wangu. Bei yake naijua, faida yake naijua, nimeitetea mbele ya watu wengi. Sauti yake ukiwa umelala chini yake ndiyo sikuijua.

Ila si hilo ninalotaka kukwambia. Kabla ya kuniingiza, muuguzi alikuja kuniuliza apigiwe nani simu endapo mambo yataharibika.

Nikasema, "Wifi yangu." Lugha yao haina neno hilo, nikajaribu kueleza.

"Dada wa mumeo?"

"Sina mume. Mke wa kaka yangu."

"Basi tumwandike kaka yako."

"Kaka yangu amefariki."

Akashusha kalamu. Hakuwa na ubaya, wifi, alikuwa msichana mwenye haya. Akasema, "Samahani. Basi huyu mama ni nani kwako, kisheria?"

Nimesimama mbele ya wanahisa na wakaguzi na wanasheria, sijawahi kukosa jibu namna ile. Mwisho nikamwambia aache wazi. Nikajidanganya kwamba nakuepusha na hofu.

Nilitoka, nikarudi nyumbani kwa teksi, mkoba nimeubana kwenye mshono. Barua yako ilikuwa mlangoni. Nikasoma kwamba huyo mtu mmoja niliyeshindwa kumweleza anaolewa kwingine. Nimeachisha kazi watu wengi kwa barua, nyingine nimezitunga mwenyewe, kwa maneno ya heshima. Siku ile nilijua zinavyosomwa. Mtu anarudia mstari wa kwanza tu, anarudia, haendi mbele.

Ndiyo maana nikakuandikia kama tawi. Tawi halinuni, wala halioni mtu akilia.

Mpe Fundi hii. Nimekunakilia ili usiibe kuisoma:

"Bwana Fundi, nimepokea posa yako. Mimi ni mtu wa hesabu, barua za namna hii siziwezi, utanivumilia. Wifi yangu huamka mapema kuliko jua na hataki kusemeshwa kabla ya chai. Akikasirika anafagia, mpishe. Akisema hana njaa, mpakulie. Kaka yangu alimtunza vizuri na yeye alimtunza kaka yangu mpaka mwisho, kwa hiyo unapewa mtu anayejua kazi hiyo. Sina wa kushauriana naye, nimejishauri mwenyewe, na jibu letu ni ndiyo. Ukimtesa nitakuja kukukagua."

Harusi msiisogeze. Nimeshakata tiketi.

Mkaguzi


28 Julai

Wifi,

Nilipokupigia kwamba sitafika ulisema "haya". Ungenitukana ningelala vizuri zaidi.

Nieleze tu. Tarehe ya kutangaza matokeo ya nusu mwaka waliivuta mbele, ikaangukia siku yenu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama pale kama mkuu wa fedha. Nilimwendea mwenyekiti nikamwambia nina harusi. Akauliza, "Ya nani?" Nikasema ya wifi yangu, nikaanza tena kueleza wifi ni nani, nikaona uso wake unasubiri nimalize. Nikamaliza. Nikasema hapana, si kitu, nitakuwepo.

Niliongea vizuri, wifi. Bwana mmoja wa mstari wa mbele alitaka kunikwamisha kwenye suala la thamani ya sarafu, nikamjibu mpaka akaandika. Walipiga makofi. Mwenyekiti akanishika bega: "Tulijua tunaweza kukutegemea." Nikatoka nje barazani kupata hewa. Ilikuwa mchana mweupe, watu wanapita na vikombe vya kahawa, nikawaza sasa hivi wameshakaa, sasa hivi wanakula. Nilikuwa nimevaa gauni nililoshonesha kwa ajili yako. Hakuna aliyeuliza mbona limependeza hivyo.

Hili sikulazimishwa na mtu. Ningeweza kupanda ndege.

Mkaguzi


20 Agosti

Wifi Mkaguzi,

Nimeolewa nimekasirika. Nakwambia ujue. Kwenye picha zote nimebana midomo, mpiga picha alichoka kusema "cheka, mama".

Kiti chako nilikiwekea mkoba wangu, kila aliyetaka kukikalia nikamwambia kina mtu. Kisha Fundi akasimama akasoma barua yako mbele ya watu, yote. Alipofika pale pa kufagia ukumbi mzima ulicheka, mpaka na mimi. Alipofika "nimejishauri mwenyewe" akaishusha karatasi, binti yake mkubwa akaichukua akamalizia. Watu wakauliza, huyu aliyeandika yuko wapi? Nikasema yuko kazini. Nilijisikia vibaya kulisema, na nilijisikia fahari pia. Sijui vinakaaje pamoja, lakini vilikaa.

Nakula nimekaa siku hizi. Anapiga kelele akinywa chai. Hana kasoro nyingine kwa sasa, naendelea kutafuta.

Usiniandikie tena kuomba msamaha, karatasi ni ghali. Njoo tu. Hata baada ya harusi mtu anakuja.

Na huo mshono wako nataka kuuona kwa macho yangu.

Wifi yako. Nimemuuliza Fundi kama bado ni wifi yako, akasema, "Mbona mimi nilimwomba nani?"


5 Oktoba

Wifi yangu,

Kutoka tu uwanja wa ndege nimekaa kuandika, koti sijavua.

Kule kwenu hatukupata nafasi ya kuongea, nyumba imejaa watu, kila nikifungua mdomo mtu ananiwekea sahani. Basi haya ndiyo niliyotaka kukwambia.

Siku ile nilipotaka kulala nyumba ya kaka peke yangu mkaniacha, nashukuru. Nilifungua madirisha, nikakaa kwenye kitanda chake. Ile nyumba imeshaanza kunuka kama nyumba isiyopikwa. Nilidhani nitamlilia yeye. Nikajililia mimi, kwa miji yote sita, nikaosha uso nikarudi kwenu kulala kwenye kochi. Hukuniuliza kitu, ulinipa shuka.

Binti mdogo wa Fundi ananiita shangazi. Mara ya kwanza niligeuka nyuma kuona anamwita nani. Aliniuliza kazi yangu ni nini, nikamwambia nazuia watu wakubwa wasidanganyane kuhusu fedha. Akasema, "Na wanakusikiliza?" Nikamwambia ndiyo, wananisikiliza sana. Akaniangalia akasema, "Basi kwa nini una huzuni?" Ulikuwa jikoni, hukusikia. Nilimwambia nimechoka na safari.

Hukuniumiza moyo kwa kunisihi nibaki, na mimi sikukudanganya kwamba naacha kazi. Naipenda, wifi. Hilo nalo ni kweli na ndilo linalonichosha kulieleza. Nikiona hesabu za nchi nzima zimekaa sawa, napata raha niliyoipata nikiwa mdogo nikihesabu vipande vya nyama. Ila raha hiyo haina mlango wa kutokea, inakaa ndani yangu mpaka inapoa.

Uwanja wa ndege wa huku watu walikuwa wamejipanga nyuma ya kamba wakisubiri wageni wao. Nilipita katikati yao nikiburuta sanduku, kila uso unanitazama, unaona si mimi, unatazama nyuma yangu. Nikachukua teksi. Mlinzi wa jengo ni mpya, akaniomba kitambulisho. Nikapanda juu, nikawasha taa za vyumba vyote vitatu.

Nimefika salama. Huku hakuna aliyeuliza, kwa hiyo nakwambia wewe.

Wifi yako